Mama Gramu, Aliyewatetea Panya Wake kwa Mizani

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la mikate la baba yetu, mtoto wa kwanza kati ya watano. Alipimwa kwenye mizani ya unga: kilo moja na gramu mia tisa. Mkunga alimshauri baba asiharakishe kuchagua jina. Baba alilichagua siku hiyo hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, akamaliza sekondari mwaka 1969 na kupata cheti cha ufundi wa maabara mwaka 1972. Hesabu alizimudu; kwenye kuimba walimu walimsamehe tu.

Tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa na kituo cha utafiti kutunza panya wa porini. Juni 1981, baridi ilipoingia, panya wake walishuka kutoka gramu 45 hadi 33. Mkuu wa maabara alimtuhumu kuwa anawanyima chakula, akamwandikia barua: tarehe 15 Septemba, kazi basi. Dada yetu hakulia. Alifungua daftari lake. Kumbe kila jioni alikuwa akipima hata makombo, na chakula mabakulini hakikuwahi kuisha.

"Mzee, hawa hawajakonda," alimwambia. "Wamejipunguza."

Alimweleza kwamba ingawa mwili mdogo hupoteza joto haraka, mwili mkubwa hudai chakula kingi zaidi, na wakati wa baridi chakula porini ni adimu. Basi panya huona siku zikifupika, naye hupunguza mwili mapema ili chakula kidogo kimtoshe, kabla njaa haijabisha hodi. Mkuu alicheka. Dada akaomba vyumba viwili vyenye joto moja na chakula kilekile tele: kimoja taa iwake saa kumi na sita kwa siku, kingine saa nane. Kwa wiki kumi na mbili alipima asubuhi na jioni. Wa taa ndefu walinenepa; wa taa fupi walipungua huku chakula kikiwa mbele yao. Tarehe 14 Septemba, mbele ya wafanyakazi wote, mkuu aliichana ile barua kwa mikono yake mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama! Dada alidumu pale hadi alipostaafu mwaka 2011, na mafundi thelathini na mmoja walipita mikononi mwake.

Mapazia meusi ya chumba cha taa fupi yalishonwa na fundi cherehani wa jirani. Dada aliyarudisha mara tatu kwa sababu ya vitundu vya sindano vilivyopitisha mwanga. Mara ya tatu fundi aliuliza kama tatizo ni pazia au ni yeye. Akajibiwa, "Pazia limekaa sawa. Wewe ndiye sijamaliza kukupima." Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1982.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Januari mwaka huu yule mkuu, sasa mzee wa mkongojo, alikuja kumwomba radhi tena. Dada alimshika mkono.

"Usingenitilia shaka, mapazia yasingeshonwa, na mume wangu nisingempata. Mimi ndiye nakushukuru."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, akiwa na miaka 72.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na wadogo zake wanne, akiwemo huyu kitinda mimba anayewasomea. Tunamsindikiza kwa shangwe, kwa kuwa alishinda. Apumzike kwa amani, dada yetu, na jina lake safi.