Shuka la Mama Fundi

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, binti mwenye beji ya jumba la sanaa la mtaa alikuwa akimtambia fundi cherehani, mama asiyemjua. "Mimi ndiye msimamizi msaidizi. Majirani walituletea kazi zao, nikatundika kitambaa kimoja chenye alama za pasi na kiraka chekundu. Watu hawabanduki!"

"Kiraka chekundu?" Mama akashtuka. "Hicho ni cha kupigia pasi tu! Nilifungia ndani yake shuka nililolitarizi miaka miwili. Kitoe!"

"Nikikitoa watanila mbichi, mama."

"Na shuka langu?"

"Tumelitandika kwenye meza ya chai."

Nikajifanya nasoma simu. Mama akaangua kicheko. Basi likasimama mbele ya jumba, wakashuka wakibishana na kucheka. Kituo changu kilishapita zamani, nikawafuata.