Daktari Oza na Simu ya Ngazi

Kwanza samahani. Kamati ya jarida letu, sisi wafanyakazi wa hospitali tunaozungumza Kiswahili, iliniomba wasifu huu tangu Machi, na sasa ni Juni. Mtoto anaota meno, zamu hazipungui, na kila nilipokaa kuandika nilisinzia juu ya karatasi. Lakini huyu si mtu wa kuachwa aondoke bila neno.

Ijumaa tarehe 26 Juni, Daktari Hemal Oza, bingwa wa upasuaji wa miguu na mishipa katika wodi yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa pia diwani, kazi aliyoiacha Mei mwaka huu.

Alizaliwa Bhavnagar, India, akasomea udaktari huko, akaja London angali kijana. Kiswahili alikipata nyumbani kwake Tooting, kwa mkewe, Bi Rupal, mzaliwa wa Tanga. Ni Kiswahili cha jikoni, cha amri tupu: "Leta mguu. Weka hapa. Ngoja kidogo." Wagonjwa wetu walicheka, na mguu wakauleta.

Shida ilikuwa jina. Miaka kumi na mitatu iliyopita bibi yangu mzaa mama, Bi Aikaeli, alilazwa na kidonda cha sukari. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na ndimi niliyekuwa mkalimani wake. Alipoambiwa jina la daktari, aligoma kusaini fomu ya upasuaji.

"Mguu unaoza, na fundi naye ni Oza! Nirudisheni Machame."

Niliona haya, sikutafsiri. Wala haikuhitajika. Daktari alivuta kiti, akaketi.

"Bibi, Oza ya mimi si ile ya nyama. Ile ya harusi. Baba naoza binti."

Bibi akamtazama weee. "Haya, nioze basi. Ila huyo mume awe na meno." Akasaini.

Vidole viliondolewa, kidonda kikaanza kupona vizuri, bibi akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwetu Peckham tulikaa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu, wiki ya tatu hiyo. Alipanda kwa makalio, ngazi moja moja, mimi nimemshikia mguu. Siku ya kliniki alishuka hivyo hivyo, akapanda tena hivyo hivyo. Siku ya tisa nyuzi zilifumuka, uchafu ukaingia, na mguu ule ukakatwa chini ya goti. Aliyeukata ni Daktari Oza. Kesho yake alikuja kitandani, akasema, "Pole, bibi. Mimi nashona, ngazi nafumua."

Aliiandikia halmashauri barua saba kuhusu ile lifti. Hakujibiwa hata moja. Ndipo akagombea udiwani. Seema, sista wa wodi yetu, alimwambia wazi kwamba mtu asiyeweza kukumbuka alipoacha miwani yake hawezi kuongoza mtaa. Mabango yakatoka, OZA kwa herufi kubwa, na Watanzania wa Peckham wakatumiana picha wakicheka mpaka machozi. Bibi alikaa nje ya duka la vyakula kwenye kiti chake cha magurudumu: "Mchagueni Oza, asioze mwingine!" Daktari alishinda kwa kura arobaini na moja. Bibi alidai arobaini ni zake.

Sasa, madiwani wa hapa kikao chao cha kusikiliza wananchi wanakiita "surgery", yaani upasuaji. Mzee Thadei wa mtaani kwetu, mwenye kidonda mguuni, aliposikia kwamba Diwani Oza ana upasuaji Jumamosi maktabani, alikwenda, akavua kiatu na soksi, akaweka mguu mezani. Waliokuwa foleni kulalamikia ukungu wa ukutani waliikimbia harufu. Daktari aliutazama mguu, akafunga kikao, akampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Mzee Thadei anautembelea hadi leo.

Kubwa alilotufanyia ni simu ya ngazi. Kabla mgonjwa wa mguu hajaruhusiwa, wodi inaipigia simu halmashauri: anakaa ghorofa ya ngapi, na lifti inafanya kazi leo? Kama haifanyi, anatafutiwa pa kukaa pasipo na ngazi mpaka kidonda kifunge. Bibi yangu naye alipata nyumba ya chini, yenye mlango unaofungukia bustanini. Aliishi humo miaka saba, na humo alifariki kwa amani.

Daktari hakuwa malaika. Maelezo ya dakika mbili aliyatoa kwa nusu saa. Ukisahau kuvua pete kabla ya kugusa kidonda alikufokea mbele za watu, na mimi siku yangu ya kwanza kazini nililia chooni kwa ajili hiyo. Jioni alinitafuta, akaniuliza habari za bibi.

Asante, Daktari, kwa miguu uliyoiokoa na kwa ule mmoja wa bibi, ambao hadi leo hujakubali kuupoteza. Tunakuombea afya, miaka mingi na Bi Rupal, na chai utakayoinywa ingali moto.

Na ninyi wasomaji, nisikilizeni. Simu ya ngazi haijaandikwa popote. Ilidumu kwa sababu yeye alikuwa pande zote mbili, wodini na kwenye halmashauri. Tarehe 14 Julai madiwani wapya wanaamua iendelee au ifutwe, na wanasema hawajui imemsaidia nani. Sisi tunajua. Nina barua nne. Nataka ishirini, zimfikie sista Seema kabla ya tarehe 7. Kiswahili kinatosha, na ukurasa mmoja unatosha. Kila barua iwe na jina la mgonjwa na ruhusa yake, ghorofa aliyokuwa akikaa, mwezi ambao simu ilipigwa, na mguu ukoje leo.