Mwalimu na Namba Yake, 73,939,133

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi cherehani na mkewe. Alisoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1973.

Alifundisha hisabati miaka thelathini na minane katika shule moja, darasa lile lile la pembeni lenye dirisha lisilofungika. Wanafunzi walimwita Mwalimu Baki, kwani ole wako ugawanye usiandike kilichobaki. Kila mwaka siku ya kwanza aliandika ubaoni 73,939,133. Ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe; aliihakiki kwa mkono, akiigawa kwa namba tasa zaidi ya elfu moja, likizo tatu nzima. Kisha alifuta tarakimu ya mwisho kwa kiganja: 7,393,913, tasa. Akafuta tena, tasa. Hivyo hivyo mpaka ikabaki 7 peke yake, nayo tasa. "Haya, rudini kwenye ile nzima, mwongeze tarakimu moja mwishoni ibaki tasa," alisema. Tulijaribu wote. Haiwezekani.

Mwaka 1976 aliolewa na fundi saa. Walikaa miaka tisa bila kujaliwa mtoto, na maneno ya watu yalipozidi waliachana pasipo ugomvi. Fundi yupo nasi leo.

Mwaka 1988 nililetwa kwake mimi, mtoto wa kaka yake, nikiwa na miaka mitatu, yatima. Nilipofika saba niliwasikia wanawake bombani wakimwita tasa. Nilivimba kichwa, nikarudi mbio.

"Shangazi! Kumbe hata bombani wanajua wewe ni tasa!"

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta macho. "Wamesema kweli," alisema, "ila hesabu hawajaimaliza."

Asubuhi moja, akinifunga vifungo vya shati la shule, aliniuliza, "Hivi wewe siku moja utaniita nani?" Nikajibu, "Si Shangazi?" Akasema haya, akafunga kifungo cha mwisho. Hakuuliza tena. Natamani asubuhi ile irudi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, akalazwa tarehe 6 Mei 2024. Asubuhi ya tarehe 14 aliniomba niandike namba yake, akawa anakata tarakimu kwa kalamu. Mkono ulichoka ikiwa imebaki 73. "Malizia wewe," aliniambia. Nikakata 3. Jina alilolingoja lilikuwa mdomoni mwangu, lakini muuguzi aliingia na dawa, nikajisemea nitamwita jioni. Alifariki saa nane mchana, akiwa na miaka 73.

Ameacha mdogo wake wa kike, wanafunzi ambao angetaka tuwahesabu mmoja mmoja, na mtoto mmoja, mimi ninayesoma.

Pumzika kwa amani, Mama.