Mwalimu Rantao Sebonego, Aliyeketi Mkekani

Mwalimu Rantao Sebonego alizaliwa hapa Thamaga tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa Mzee Sebonego na Mama Dikeledi. Mama yake alifariki Agosti 1959. Kwa desturi yetu, watoto walipelekwa kwa jirani hadi mazishi yalipokwisha, wakaambiwa mama amekwenda malishoni. Kila jioni Rantao alimega kipande cha mkate wake, akamwekea. Ukweli aliupata mwaka uliofuata, kwa mtoto mwenzake waliyegombana naye.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, kisha akahitimu ualimu Serowe mwaka 1973. Alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2011 akiwa mwalimu mkuu. Suti yake ilipigwa pasi kila siku. Hilo hata wasiompenda hawakulikana.

Tarehe 17 Desemba 1977 alimwoa Boitshepo, mwalimu mwenzake. Ng'ombe wa mahari walifika wote, mchana kweupe, kijiji kikiona.

Mwaka 2015, vijana wa utumishi wa taifa wakiongozwa na binti Tshenolo walimwomba banda lake la trekta. Walitaka mahali pa kukaa na watoto wenye hofu: waliofiwa, wasiopata usingizi, wanaotapika kila asubuhi ya mtihani. Akawakatalia. Wakaanzia katika ua wa kanisa, naye akaenda kuwakagua, akawa anatafuta kiti.

"Hapa hakuna viti, Mwalimu," Tshenolo alimwambia. "Mkeka tu."

"Na suti hii?"

"Suti nayo itazoea."

Akaketi. Akapewa udongo afinyange ng'ombe kama wenzake. Mtoto mmoja akaichungulia kazi yake: "Babu, huyu ng'ombe au kiatu?"

Mwalimu alicheka hadi machozi, na machozi hayakukoma. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alisimulia habari ya ule mkate. Kesho yake trekta ililala nje. Waliosema kwamba mwalimu mkuu mstaafu anachezea udongo wajue hivi: vijana ndio walioongoza, yeye alifungua mlango na kufagia. Na watoto waliopita pale wakapata tena usingizi usiku. Baadhi yao leo ndio wanaowaketisha wenzao.

Mwaka 2020 alipatikana na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu Gaborone. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Juni 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jioni ile dada yake mkubwa, Galaletsang, aliagiza mjukuu Sethunya, mwenye miaka saba, apelekwe kwa jirani. "Mwambieni babu yuko malishoni."

"Wifi," mkewe alimjibu, "uongo huo ulishamtesa mtoto wa nyumba hii."

 Galaletsang naye alipelekwa kwa jirani mwaka ule wa 1959. Akasema, "Haya, nani atamwambia? Mimi sijui pa kuanzia."

Tshenolo aliitwa. Aliketi na mtoto mkekani, akamwambia wazi kwamba babu amekufa. Sethunya alilia, akauliza kama babu atasikia baridi, kisha akaomba udongo.

Mwalimu ameacha mjane wake Boitshepo, watoto wake Kabo na Oarabile, mjukuu wake Sethunya, dada yake Galaletsang, na watoto wote wa bandani.

Asubuhi hii Sethunya yuko hapa kaburini pamoja nasi, bibi Galaletsang amemshika mkono. Katika mkono wa pili ana ng'ombe wa kumpa babu. Amemfinyanga kama kiatu, kwa makusudi.

Alale salama Mwalimu wetu. Banda liko wazi.