Mwanga Uliovuka Ukuta: Maisha ya Anaeli Elinami Munuo, 1957–2025

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, majirani zetu wa Magomeni, mafundi na wafanyabiashara wenzake wa Kariakoo, na ninyi nyote mliokaa nasi hapa tangu Jumanne, tunawasalimu katika jina la Bwana, na ndugu zetu Waislamu tunawaambia asalaam aleikum. Kabla mwili haujaanza safari ya kwenda Machame, familia inaomba mtuvumilie tuusome mwendo wa mpendwa wetu, na tutausoma polepole, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kazi ya haraka.

Marehemu Anaeli alizaliwa tarehe 3 Agosti 1957, katika kijiji cha Nkwarungo, Machame, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Elinami Munuo na Mama Aikande, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa mwaka huohuo, na akapata Kipaimara mwaka 1971.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na jina lake halikutokea kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari, jambo lililomuuma baba yake kuliko yeye, kwa kuwa yeye alikuwa ameshaanza kufungua redio ya mjomba wake na kuirudishia ikiwa bado inaongea. Mwaka 1973 alipelekwa kujifunza ufundi umeme mjini Moshi, na huko ndiko alikojifunza kazi iliyomlisha maisha yake yote, yaani kusuka mota, kazi ya kutoa shaba iliyoungua ndani ya mota na kuzungushia shaba mpya, mzunguko kwa mzunguko, bila kukosea hesabu. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, na mtu akimsalimia katikati ya hesabu alinyoosha kidole kimoja juu, maana yake subiri, na waliomfahamu walisubiri.

Mwaka 1979 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa katika karakana moja eneo la Gerezani, na mwaka 1986 akafungua ya kwake Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, chumba kimoja chenye mlango wa bati, ambapo alisuka mota za mashine za kusaga, za pampu na za feni kwa miaka thelathini na saba, na wengi wenu mliokaa hapa mmewahi kupita pale mkiwa mmebeba kitu kinachonuka moshi.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa takatifu na Celina Urio, mama yetu, huko Machame, na Mungu akawajalia watoto watatu, Caroline aliyezaliwa mwaka 1984, Hillary mwaka 1987, na Brightness mwaka 1993, pamoja na wajukuu watano. Mwaka 1995 walihamia katika nyumba yao hapa Magomeni, upande huu wa kushukia Jangwani, na mwaka 2009 wakapata majirani wapya, bwana Shaibu na mkewe Zamzam, ambaye tunamwita Mama Shukuru, wenyeji wa Masasi, waliojenga vyumba viwili vilivyoegemea nyumba yetu, hata ukuta mmoja wa matofali ya inchi sita ukawa wetu na wao. Shaibu alikuwa mbeba mizigo sokoni Kariakoo, mtu wa utani, akimwita marehemu "shemeji wa mlimani" bila sababu yoyote inayojulikana, naye marehemu alipenda hivyo.

Ndugu waombolezaji, sasa tunafika mahali ambapo historia za marehemu huwa zinaruka, na sisi hatutaruka.

Mwezi Oktoba 2013 Shaibu alikuja kwa marehemu akamwambia, "Mzee Munuo, naomba tuvute umeme kwako mpaka mita yetu itoke," na marehemu akakubali siku hiyohiyo, akatoa waya aliokuwa nao dukani, akaupitisha juu ya uwanja kwenye mrunda, mti uliosimikwa kama nguzo. Waya ulipungua kama mita mbili, akaunga kipande, akakifunga utepe, akasema ataubadilisha akipata mzima. Hakuubadilisha. Jumamosi tarehe 12 Aprili 2014, mvua kubwa iliponyesha na maji ya Mto Msimbazi yalipopanda mpaka mtaani kwetu, mrunda ulianguka, kiungo kile kikalala kwenye maji, na Shaibu, aliyetoka kuokoa godoro la mtoto, alikanyaga maji hayo akafariki hapohapo, akiwa na miaka thelathini na nane.

Marehemu alikuwa Kariakoo. Alipoiona mvua aliukumbuka waya, akafunga duka, akakimbia kwa miguu mpaka Jangwani, akakuta barabara imefungwa na maji yanapita juu ya daraja, akasimama upande wa pili akipiga simu nyumbani ili swichi kubwa izimwe, na simu iliita bila kupokelewa, kwa sababu mama yetu alikuwa amebeba wajukuu kuwapeleka juu kwenye nyumba ya ghorofa. Alifika nyumbani kesho yake. Akaukata waya ule kwa koleo, akauzungusha, akauweka chini ya kitanda chake, na tangu siku hiyo hakukubali tena kumvutia mtu umeme kutoka nyumba moja kwenda nyingine, hata kwa harusi.

Mama Shukuru alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na marehemu hakuweza kuingia kumwomba msamaha kwa mdomo wake, akamtuma mama yetu. Jibu lilirudi hivi, "Mwambie Baba Caroline nimemsamehe mbele ya Mungu, lakini waya kutoka kwake kuja kwangu sitaki tena kuuona." Eda ilipokwisha, marehemu alitegemea watasalimiana, lakini kila mama huyu alipopita mlangoni kwetu aliinamisha kichwa, na salamu zote zikapitia kwa mama yetu. Marehemu aliamini kwamba msamaha ulikuwa wa mdomoni tu, na hilo lilimkondesha. Mama Shukuru hakutaka hata umeme wa mita yake mwenyewe, akarudi kwenye koroboi, na ukutani tulikuwa tunamsikia Shukuru, aliyekuwa darasa la tano, akikohoa moshi huku anasoma kwa sauti.

Marehemu alimpelekea taa ya sola, ikarudishwa kwa heshima. Ndipo mwaka 2016 muuza simu mmoja jirani na karakana alipomletea chaji iliyoharibika, ile ya kulaza simu juu yake bila kuchomeka, marehemu akaifungua, akakuta ndani yake shaba imezungushwa kama chapati, akaiangalia muda mrefu, akamwambia fundi mwenzake Pius, "Hii ni kazi yetu hii. Hii ni mota iliyolala." Aligundua kwamba koili moja, yaani shaba iliyozungushwa hivyo, ikipewa umeme unaocheza kwa kasi, koili nyingine iliyo karibu nayo huupokea bila kuguswa, ilimradi ziwe zimepatanishwa, kama redio inavyotafutiwa kituo chake. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kazi, alisuka koili.

Pius, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa, alimcheka sana. "Mzee, taa zimejaa Mtaa wa Kongo, wewe unatengeneza nini?" Marehemu akamjibu kwamba anatengeneza umeme usio na waya. "Usio na waya, mbona umemaliza waya wote wa dukani?" Marehemu alinyoosha kidole kimoja juu, akaendelea kuhesabu.

Haikuwa rahisi, na tunasema hivi ili vijana wasidhani mambo huja yenyewe. Chaji ile ilikuwa ikivuka unene wa kidole tu. Mwaka 2016 mwishoni, taa yake ilivuka unene wa kitabu cha nyimbo. Mwaka 2017 ilivuka unene wa Biblia ya mama yetu, naye mama akamwambia sasa airudishe, ana ibada. Alikata tamaa mara moja tu, pale alipoweka koili pande mbili za ukuta wa vyumba vyetu wenyewe kwa miezi mitatu na taa isiwake, mpaka akakumbuka kwamba amezitundika kwenye nguzo, na ndani ya nguzo mna nondo, na chuma kilikuwa kinakunywa umeme wote kabla haujafika upande wa pili. Akazisogeza hatua mbili, akasuka nyingine kubwa, zenye upana wa ungo.

Alimwomba mama yetu aende kwa jirani amwombee ruhusa. Mama alikataa. Alisema, "Siendi kwa yule mama na maneno. Weka kwenye maji, kisha weka mkono wako." Basi marehemu alijaza maji beseni la kufulia, akazamisha koili ya kupokelea na taa yake, akaweka koili ya kurushia umeme upande wa nje wa beseni, akatia mkono wake majini mpaka kwenye kiwiko, akamwambia Brightness awashe. Taa iliwaka ndani ya maji. Mama yetu anasema maji yote yalikuwa meupe na vidole vya mume wake vilionekana kimoja kimoja, naye alichukua khanga yake akatoka kwenda kwa jirani.

Jibu la Mama Shukuru lilikuwa, "Kama hakuna waya, na hakuna tundu ukutani, na ajaribu." Ijumaa tarehe 9 Novemba 2018, saa kumi na mbili na nusu jioni, Shukuru alitundika koili upande wao kama alivyoelekezwa, marehemu akawasha upande wetu, akawa anazungusha kitasa kidogo cha kupatanisha, kidogo kidogo, haoni kinachotokea, ameweka sikio ukutani. Kisha ukuta uligongwa mara mbili. Marehemu alikaa chini, sakafuni, na Hillary aliyekuwapo anashuhudia kwamba alikaa hapo mpaka chakula kikapoa.

Ilikuwa taa ndogo, haikuzidi mwanga wa kusomea, na sehemu kubwa ya umeme ilipotea njiani, marehemu alilijua hilo na alilisema wazi kwa kila aliyekuja kumsifu. Siku za mvua ukuta ukilowa alilazimika kuipatanisha upya. Lakini iliwaka kila jioni kwa miaka zaidi ya sita, na chini yake Shukuru alimaliza sekondari, na leo anasomea ualimu. Kuna watu walitaka kuja kuipiga picha, akawakatalia, akasema chumba kile si cha kwake.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka mwaka 2021 kwa shinikizo la damu. Tarehe 17 Septemba 2023 alipata kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia, akaacha kazi ya karakana, na mwezi Novemba 2024 figo zikaanza kushindwa. Alilazwa hospitali tarehe 28 Januari mwaka huu.

Jumapili tarehe 9 Februari, baada ya ibada, Mama Shukuru alifika wodini pamoja na mama yetu. Ilikuwa imepita miaka kumi na miezi kumi tangu Shaibu afariki. Alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda, akasema maneno ambayo yeye mwenyewe ametuomba tuyasome kama alivyoyasema. "Baba Caroline, Shaibu hakuutaka ule waya. Alisema tusubiri mita yetu. Mimi ndiye niliyemsukuma aje kwako, nilitaka friji niuze barafu. Miaka yote hii nikiinamisha kichwa mlangoni kwako sikuwa na hasira, nilikuwa na aibu. Nilidhani unajua."

Ulimi wa marehemu ulikuwa mzito, lakini sote tulimsikia. "Mama Shukuru, ungesema mapema, ukuta ungekuwa mwembamba, ningesuka koili ndogo." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na Mama Shukuru akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Kisha wakaombeana, mmoja kwa dua na wengine kwa sala, na kabla hatujaondoka marehemu alituambia, "Historia yangu msiisome bila ule waya. Shaibu hakufa kwa mvua." Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tano asubuhi, aliitwa na Mwenyezi Mungu, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi Scholastika aliyemnyoa ndevu kila Jumamosi bila kuombwa. Tunaushukuru usharika wetu, kwaya, na jumuiya ya Mapipa. Tunawashukuru mafundi wa Mtaa wa Mchikichi, na Pius, ambaye ametuahidi kwamba jioni ya leo, sisi tukiwa barabarani, ataingia nyumbani kuiwasha taa ya jirani na kuipatanisha. Tunawashukuru majirani wote, na kwa namna ya pekee tunamshukuru Mama Shukuru, ambaye yupo mbele yenu, kwenye mkeka mmoja na mama yetu, na tangu Jumanne anaingia kwetu kwa mlango wa mbele.

Baba, umefanya kazi kwa mikono yako na umesema kweli kwa kinywa chako, mengine tunamwachia Mungu wako. Nenda ukapumzike kwa amani, na sisi tuliobaki atujalie tusikae kimya tukidhani mwenzetu anajua.

Amina.