Kinu Kilichopandwa Maua

Wamama wenzangu wa kanisa, mtaniwia radhi, nitaongea nikiwa nimekaa. Tangu alfajiri niko shambani, na huyu mdogo mgongoni hataki kushuka. Mmeniomba nieleze jinsi binti yangu wa kwanza alivyopona. Nitaeleza. Lakini sikuja kutubu. Wanaotakiwa kutubu hawamo humu.

Mnajua mimi ni mtu wa Kabambare. Masista walinisomesha mpaka yale madarasa ya juu ya kazi za nyumba: kushona, kupiga pasi, kupika mchuzi mweupe wa unga na maziwa. Nikaolewa hapa Kasongo na karani. Mama yangu alinifuata juu ya lori la pamba, amekumbatia kinu chake cha mti mgumu. Kabla ya kurudi kwetu akaniambia, "Mwanangu, bwana atakupa nguo. Hiki ndicho kitakukuzia watoto."

Mume wangu alikuwa akiitafuta ile karata ya wastaarabu. Mnaijua, ile serikali ya Wabelgiji inampa mtu mweusi anayeishi kizungu. Ukiitaka, komisyo inakuja kwako: wanatazama kitanda, wanatazama choo, wanafunua masufuria. Wanataka wamwone mke anakula mezani na mumewe, kwa uma na kisu. Basi nyumbani kwetu likaingia neno moja: kisenji, yaani mambo ya washenzi. Sombe ya majani ya muhogo, kisenji. Ndagala, vile visamaki vikavu, kisenji, zinanuka. Karanga, kisenji. Bugali wa muhogo, usiseme. Kinu changu kikatolewa jikoni, kikawekwa mbele ya mlango, kikajazwa udongo, kikapandwa maua mekundu.

"Komisyo ikisikia tunatwanga, imekwisha," baba wa mtoto akaniambia.

"Na mutoto atakula nini?"

"Ile watoto wa wazungu wanakula."

Ndugu zangu, nawaambia, watoto wa wazungu wanakula nyama, mayai, na mboga za bustani zinazomwagiliwa na watu wetu. Karani hawezi hayo. Alichoweza ni mkate mweupe, chai ya sukari, na yale maziwa mazito ya kopo, kijiko kimoja ndani ya maji mengi. Na mimi nilikuwa nimemwachisha titi, mimba nyingine imeingia. Mtoto akatoka kwenye titi, akaingia kwenye mkate.

Kwanza tumbo lilifunga. Tuongee wazi, sote tumepangusa watoto. Anakaa juu ya chungu asubuhi nzima, analia, kinachotoka ni vijiwe kama mavi ya mbuzi, na damu. Jirani yangu, mwanamke Mwislamu wa familia ya zamani ya mji, alimsikia kutoka upande wake wa ua.

"Madamu!" Ndivyo alivyoniita tangu aliponiona nimevaa viatu ndani ya nyumba. "Ule mukate munamupa mutoto, ni chakula ao ni tofali? Munajenga ndani yake?"

Nilicheka. Kisha nikaenda jikoni kulia.

Nikampeleka kwa munganga wa disipanseri. Akampa dawa ya kufungua tumbo. Mtoto akaharisha mpaka macho yakazama, kisha akafunga tena. Baadaye miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zikageuka nyekundu, nyepesi, kama ndevu za mahindi. Alikuwa ameshajua kutembea, akaacha. Anakaa tu, hacheki, ukimgusa ananuna. Wazee wa upande wa mume wakasema ni mimba yangu inayomla. Mimi tena! Nikawaambia sijawahi kuona mimba ikiiba samaki katika sahani ya mtu.

Nilimwomba baba yake ndagala, kidogo tu, nizifiche ndani ya uji. "Ngoja komisyo ipite," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia mtoto viatu, wakati miguu haiingii tena katika viatu.

Komisyo ikaja: mzungu mmoja na watu wetu wawili wenye tai. Nimetandika kitambaa, nimepanga uma, mkate uko katikati ya meza. Wakafunua masufuria, wakachungulia chini ya kitanda, wakatuambia tukae tule. Na jirani, ambaye hana habari na komisyo ya mtu, alikuwa ndiyo kwanza anaepua sombe yake. Harufu ya mawese na karanga ikaingia dirishani bila kubisha hodi.

Kugeuka, mtoto hayuko kwenye mkeka.

Alikuwa amejikokota kwa matako, yeye ambaye hakuwa akisogea hata kwa kubembelezwa. Amepita mlango, amepita kinu chenye maua, amepenya tundu la ua. Tulimwona wote kutoka mezani: jirani amempakata, anamlisha sombe kwa ncha ya kidole, naye anafunua mdomo kama kinda.

"Mutoe kule," mume wangu akaninong'oneza, huku anawachekea wageni. "Mutoe mbio!"

Niliondoka kwenda kumtoa. Msidhani sikutaka. Lakini nilipofika, binti yangu alinitazama, mafuta kidevuni, akakishika kidole cha jirani kwa mikono yote miwili ili nisimchukue.

Nikanawa. Nikakaa chini kando yake, nikakata tonge la bugali, nikachovya, nikala.

Mzungu alitoka akasimama karibu na maua. "Madame, ni hivi munakulaka hapa?"

"Hapana, Bwana," nikasema. "Hivi ndivyo tulikatazwa kula. Ndiyo sababu mutoto iko vile unamuona."

Karata haikuja. Mume wangu anasema ni mimi niliyeiharibu. Kweli, ni mimi.

Siku ileile niling'oa maua, nikamwaga udongo, nikasugua kinu kwa mchanga na maji ya moto. Msitegemee muujiza. Tumbo lilikuwa limesahau kazi yake, kwa hiyo nilianza kidogo kidogo: maharagi yaliyopondwa, sombe iliyochemka sana, ndagala zilizotwangwa na karanga, papai asubuhi, maji ya kuchemsha. Uvimbe ulipotoka, chini yake palikuwa mifupa mitupu, nikaogopa kuliko mwanzo. Nachoka hata kukumbuka. Kisha siku moja alienda choo laini, bila kilio. Nikamwita jirani. Wanawake wazima wawili tumeinamia chungu cha mtoto, tunacheka mpaka machozi. Halafu akaanza kunigombeza kwa njaa. Halafu akasimama, ameshika kinu.

Baba yake alikula mkate wake mezani peke yake mpaka alipochoka. Akaja mlango wa jiko. "Ile ya kisenji imebaki?" Nikampakulia.

Namshukuru jirani yangu. Si wa kanisa letu, lakini mkikutana naye sokoni mumsalimie vizuri. Namshukuru mama yangu, ambaye hakuacha kunitumia karanga. Munganga simshukuru.

Na ninyi mnaoachisha watoto, sikilizeni. Titi likitoka, weka kitu cha maana mahali pake: samaki, karanga, maharagi, majani. Sukari haijengi mtoto, na chai si maziwa. Mtu akikuambia chakula cha mama yako ni kisenji, muulize yeye atamlisha mwanao nini, kila siku, mpaka akue. Akikosa jibu, wewe twanga. Twanga kwa nguvu, asikie.