Lugha Iliyonishinda Nyumbani Kwangu

Habari za mchana, ndugu zangu. Nanyi wenzetu mnaonifuata kupitia mikono ya mama huyu mkalimani aliyesimama kando yangu, nawasalimu. Mniwie radhi kwamba leo nasema kwa mdomo. Nikisema kwa mikono, chai itapoa kabla sijafika katikati.

Mimi ni fundi wa mageti. Karakana yangu iko hapa mtaa wa Jericho, nyumbani ni mtaa wa Mowlem. Nimelelewa kwa Kiluhya na Kiswahili. Kikuyu nilikiokota kwa majirani, Kikamba nikakipata kwa fundi aliyenifunza kazi. Hakuna aliyenikalisha darasani. Nilikuwa nasikia tu, na neno linakaa. Mke wangu naye tumeishi mlango kwa mlango na mama Mkikuyu miaka mingi, na Kikuyu chake hakijapita salamu. Nilikuwa namtania, na yeye anacheka.

Kisha binti yetu akaugua homa ya uti wa mgongo. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Alipofungua macho tulimshukuru Mungu. Tukamwita jina, hakugeuka. Wazazi wenzangu hapa mnaijua siku hiyo, sitaieleza.

Tukaambiwa familia nzima tujifunze lugha ya ishara. Nilienda darasani bila wasiwasi. Mwenzangu wa karakana aliniambia, "Buda, wewe luga zote unabonga. Hii ya mikono itakushinda aje?"

Ilinishinda, ndugu zangu. Mwalimu, ambaye ni kiziwi mwenyewe, alikuwa anasimama mbele, anaonyesha, tunaiga. Mke wangu aliona ishara na mikono yake ikaifuata, kana kwamba iliwahi kuijua. Mimi vidole vilikwenda kinyume. Nikirudi nyumbani nimebaki na neno moja, asubuhi halipo. Haya masikio yangu niliyoyategemea maisha yote hayakuwa na kazi pale.

Baada ya muda mama na mtoto walikuwa wanaongea mezani, wanacheka, nami nimekaa katikati yao na sahani yangu. Nauliza, "Mnacheka nini?" Mke wangu ananieleza, lakini nyinyi mnajua kichekesho kikielezwa kinakuwaje.

Ikafika wiki mke wangu alipokwenda nyumbani magharibi kwa mazishi ya shangazi yake. Mtoto akaamka ana homa, analia, mikono inakwenda mbio. Nilishika neno moja tu, "mama". Nikambeba mpaka zahanati. Muuguzi akaniuliza, "Baba, anaumwa wapi?" Nikamtazama mtoto, akaonyesha chini ya kitovu. Nikashika tumbo langu, nikasema ni tumbo. Mtoto akatikisa kichwa, akarudia. Nikasema labda amekula kitu kibaya. Akarudia tena, kisha akashusha mikono, akageukia ukuta.

Nawaambia, nimeunguzwa na moto wa kuchomelea mara nyingi, lakini mgongo ule wa mtoto wangu uliniuma kuliko vyote.

Muuguzi akasema, "Mpigie mama yake kwa video." Mke wangu akapokea akiwa matangani. Mtoto akaongea na simu. Mke wangu akaanza kulia, na watu kule wakadhani anamlilia marehemu. Akaniambia, "Ni mkojo, baba. Anasema akikojoa anachomwa. Anasema amekuambia na amekuambia."

Alitibiwa, akapona. Lakini kuanzia hapo hakuniongelesha tena. Akitaka kitu anamvuta mama yake nguo: mwambie baba. Sikumlaumu. Darasa nikaliacha. Nilimwambia mke wangu kichwa changu kimezeeka, na hata yeye alichoka kunibishia.

Siku moja mwalimu akaja karakana na kiti cha chuma kilichovunjika mguu. Sikujua kama kweli alifuata kiti. Nilipomaliza, hakuondoka. Akazunguka meza, akasimama kando yangu, bega kwa bega, sote tukitazama upande mmoja. Akagusa chuma, akafanya ishara yake. Akaelekeza kwenye moto, akafanya ishara yake. Nikaiga. Vidole vikaenda panapotakiwa. Nikarudia, vikaenda tena.

Akaandika kwenye simu yake, akanionyesha: "Darasani unaniona kwa mbele. Wengi hugeuza picha kichwani bila kujua. Wewe hugeuzi. Na unahitaji kitu mkononi. Sikuliona hilo mapema, pole."

Niliisoma nikakumbuka kwamba hata kuchomelea nilijifunza nikiwa nyuma ya bega la fundi wangu. Basi mwalimu akawa anapitia karakana, tunasimama hivyo, tunashika nyundo, tunashika kikombe. Nilikwenda polepole mno. Kuna majuma nilitaka kumwambia asijisumbue.

Jumapili moja mchana nikamkuta binti yangu kitandani anachora. Nikaketi kando yake, si mbele yake. Nikasema kwa mikono, neno moja moja: "Hospitali. Siku ile. Sikuelewa. Pole."

Akanitazama mikono. Akakishika kidole changu kimoja, akakinyoosha vizuri. Kisha akasema polepole, ili nifuate: "Nilidhani hutaki."

Nikamwambia, "Nataka. Sijui tu." Akaegemea bega langu, akaendelea kuchora.

Ndugu zangu, sijawa hodari. Mama yake bado anamwelewa kabla yangu, na kuna siku mtoto anachoka kunirudia maneno, anaondoka zake. Mimi pia nachoka, nawaambia ukweli. Lakini juzi alipoumwa jino alinijia mimi, na nilijua ni jino lipi.

Namshukuru mwalimu, aliyekubali kubadili mahali pa kusimama. Namshukuru yule muuguzi, na mke wangu, ambaye angeweza kunicheka kama nilivyokuwa namcheka na hakufanya hivyo.

Nanyi wenye mtu nyumbani ambaye hashiki haraka, iwe ni ishara, Kiingereza au lugha yoyote: msimwambie hataki. Huenda anataka kuliko nyinyi nyote. Mkalieni kando, mwonyesheni. Akisahau, mwonyesheni tena. Nimemaliza. Naomba niketi.